Hakimu, mwendesha mashtaka au mwanasheria wa halmashauri: uombe wapi ukishamaliza Law School

Matokeo ya Law School (ile shule ya uanasheria kwa vitendo unayopita baada ya digrii ya sheria) yakitoka tu magrupu ya wanasheria yanaanza na swali lile lile, "wakuu, serikalini niombe wapi?", na majibu huwa ya aina mbili, kuna wa "omba popote bwana, ajira ni ajira" na kuna wa "nenda kwenye taasisi zenye posho". Wa kwanza simlaumu, mtu akishakaa nyumbani miaka na digrii yake kabatini anaomba hata asichokijua. Wa pili naye hajadanganya. Ila hakuna kati yao anayekwambia kazi yenyewe ikoje, na kwenye tangazo huwezi kuona maana yote yanasema kitu kimoja: shahada ya sheria, uwe umemaliza Law School, umri usizidi miaka 45, ambatanisha vyeti. Ukishaingia ndani ndo unagundua ni maisha tofauti kabisa.

Mi niko Tanga mjini na shughuli zangu zinanipitisha mahakamani na kwenye maofisi ya hukuhuku, kwa hiyo ntalinganisha kwa yale yanayoonekana hapa. Na kipimo changu ni kimoja tu, sitaki cheo wala gari: saa nne asubuhi siku ya kazi utakuwa unafanya nini, na nani anayekuamulia.

Kabla ya hapo tuelewane kuhusu milango. Wanasheria wa wizara, halmashauri, Mawakili wa Serikali na taasisi nyingi wanapita Sekretarieti ya Ajira, ile Ajira Portal. Mahakama wana tume yao, Tume ya Utumishi wa Mahakama, wanatangaza wenyewe na kusaili wenyewe. Kuna watu wanarifreshi Ajira Portal mwaka mzima wakisubiri nafasi za uhakimu, tangazo linatoka kwingine na linafungwa wao hawana habari. TAKUKURU na vyombo vya ulinzi nao wana utaratibu wao, hao siwaongelei sana leo.

HAKIMU

Wengi wakisema wanataka uhakimu wanaiona Mahakama Kuu, joho, watu wanasimama ukiingia. Hakimu Mkazi mgeni mara nyingi anaanzia Mahakama ya Mwanzo, na kule joho hakuna, kuna feni inayolia na benchi limejaa watu toka saa mbili.

Chukua asubuhi ya mirathi, maana kwa Tanga hii mirathi ndo kazi ya kila leo. Mzee kafariki kaacha nyumba Ngamiani, wake wawili, watoto wa matumbo tofauti, na mdogo wake marehemu kaja na muhtasari wa kikao cha ukoo ambao nusu ya wajane wanasema hicho kikao hawakijui. Hapo hakimu hawezi kurukia nyumba. Anaanza na marehemu mwenyewe, aliishi vipi, aliozwa vipi, alizikwa vipi, ili ajue kama mirathi inaenda kwa sheria ya Kiislamu au kwa mila za kwao, kwa sababu hizo ndo mirathi ambazo Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka nazo. Wazee wa baraza, wale raia wanaokaa na hakimu kumshauri, wako pembeni, bibi mmoja analia, kijana mmoja anataka kujibu kila swali hata ambalo hakuulizwa. Mwisho anateuliwa msimamizi, anaambiwa ndani ya miezi minne alete fomu namba 5 yenye orodha ya mali na baadaye namba 6 yenye hesabu ya mgawanyo, anaitikia "sawa mheshimiwa" na mheshimiwa mwenyewe anajua kuna uwezekano mkubwa hatamuona tena mpaka amtumie wito.

Sasa kama hiyo picha imekuchosha kuisoma, uhakimu usiombe. Kama umejikuta unawaza "mimi ningemuuliza yule mdogo mtu swali moja tu", basi wewe ni mtu wa huko.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaamua mwenyewe. Hakuna bosi anayekupigia akwambie huyu mfunge huyu muachie, na akitokea wa kukupigia sheria iko upande wako. Ukikosea kuna rufaa, Wilaya, Mahakama Kuu, na hukumu yako itasomwa na jaji mstari kwa mstari, kitu ambacho ukiwa kijana wa miaka 27 kinakunyoosha haraka sana. Uandishi wako unakua. Kule Mwanzo kila kitu ni Kiswahili, na marekebisho ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa ujumla, ila ukipanda juu Kiingereza bado kinafanya kazi sana kwa hiyo usije ukakitupa.

Ubaya wake ni upweke, na huu hausemwi kwenye usaili. Huwezi kukaa kijiweni unacheza bao na mtu ambaye kesho kesi yake iko mezani kwako. Jijini Tanga unaweza kujificha kidogo, lakini ukipangiwa Pangani au Kilindi kila mtu anamjua hakimu, anajua unanunua samaki kwa nani na nani kakukopesha. Halafu mlundikano, mashauri yanahesabiwa, yamefunguliwa mangapi yameisha mangapi, na siku hizi yanasajiliwa kwenye mfumo kwa hiyo kesi iliyolala inaonekana mpaka makao makuu.

Wana wa Tanga tuna kajiupendeleo kamoja, Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko Lushoto, mkoa wetu. Mahakimu wapya wanapelekwa pale kufundwa kazi, na kuna kozi za cheti na stashahada ya sheria kwa ambao digrii bado. Mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne au sita na anapenda sheria, mwambie kuhusu Lushoto mapema. Beba sweta.

MWENDESHA MASHTAKA

Mwaka 2018 ofisi ya Mwanasheria Mkuu iligawanywa, mashtaka yakabaki na ofisi yake, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka chini ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka), na kesi za madai za serikali zikapewa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali. Wote wanaitwa Mawakili wa Serikali na hapo ndo watu wanachanganya, unaomba "Wakili wa Serikali" ukidhani utakuwa unabishana mikataba, unajikuta unaongoza shahidi wa mauaji.

Tanga kwa mashtaka ni shule, sisemi kwa sifa. Tuna mpaka wa Horohoro na Kenya, tuna pwani ndefu yenye bandari bubu, kwa hiyo mirungi, dawa za kulevya, wahamiaji wanaopitishwa, magendo, haviishi, juu yake weka ubakaji, mauaji ya mashamba ya mkonge na wizi wa kawaida. Ndani ya mwaka mmoja mtu amesimama mahakamani kuliko wakili wa kujitegemea aliyefungua ofisi barabara ya ishirini anayesubiri mteja wa kiapo.

Saa nne yako hapa ni hii: una faili la polisi mkononi umelisoma jana usiku, shahidi namba mbili simu haipatikani, namba tatu ni askari kahamishiwa mkoa mwingine, kielelezo kiko lakini fomu ya mnyororo wa utunzaji (inayoonyesha kielelezo kimepita mikononi mwa nani na nani) ina sahihi moja pungufu, na wakili wa upande wa pili kaiona hiyo sahihi kabla yako. Unasimama unasema "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kusikilizwa ila tunaomba ahirisho", na unaiona sura ya hakimu. Marekebisho ya 2022 yalisema kesi nyingi za mahakama za chini zisifunguliwe mpaka upelelezi ukamilike, imepunguza ile nyimbo ya "upelelezi haujakamilika", ila ya mashahidi hakuna sheria itakayoimaliza.

Ukiuliza tofauti yake na uhakimu ntakwambia hivi: hakimu anasoma faili ili afike kwenye jibu, mwendesha mashtaka anakuja na jibu tayari kisha anatafuta ushahidi wa kulibeba. Na ushahidi ukikataa kulibeba inabidi awe na ujasiri wa kumwandikia bosi wake kwamba hili faili tulifunge. Huo ndo mtihani wenyewe wa kazi, kupaza sauti mahakamani ni rahisi. Kuna wanaoogopa kufunga faili bovu wasionekane wamehongwa, mtu anakaa mahabusu kwa kesi ambayo kila mtu ofisini anajua haifiki popote. Ukijijua wewe ni mtu wa kufuata upepo, kazi hii itakuumiza au wewe utaumiza watu.

Hapa una bosi, hilo lielewe. Kesi si yako ni ya DPP. Unaweza umeipenda kesi, umeihangaikia miezi, mashahidi umewabembeleza, ikaja amri ya kuiondoa au makubaliano ya kukiri kosa (utaratibu ulioingia kwenye sheria 2019) na ukasimama kuitaja mahakamani kana kwamba ulikuwa na wazo hilo toka mwanzo. Wanaopenda timu wanaizoea. Wapenda uhuru inawakera mpaka wanaacha.

Usalama nao usiudharau. Hakimu ana ukuta kidogo, mwendesha mashtaka anapanda bodaboda ileile na ndugu wa mshtakiwa.

MWANASHERIA WA HALMASHAURI

Hii ndo kazi ambayo wahitimu wanaidharau kuliko zote na mimi ndo naitetea kuliko zote, kwa mtu wa aina fulani lakini.

Ofisa Sheria wa halmashauri anafanya kila kitu. Asubuhi mkurugenzi kakutumia mkataba wa kukodisha vibanda vya soko, unaupitia unakuta hauna kipengele cha kuvunja mkataba. Kabla hujamaliza mtendaji wa kata anapiga simu, wananchi wamegoma kubomolewa uzio, afanyeje. Saa nane kuna kamati, madiwani wanataka sheria ndogo ya ushuru na diwani mmoja anakuuliza kwa nini isianze kutumika Jumatatu, unamwelezea kwa upole kwamba sheria ndogo lazima ipate idhini ya waziri na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, anakuangalia kama wewe ndo unayemchelewesha. Jiji la Tanga linafuata sheria ya mamlaka za miji, sura 288, ukihamia Muheza au Mkinga unafungua sura 287 ya mamlaka za wilaya. Ardhi, ajira za watumishi, nidhamu, manunuzi, kodi ya huduma, yote yanapita kwako. Hakimu anajua mwenendo wa mashauri, mwendesha mashtaka anajua jinai, wewe unajua serikali yenyewe inavyotembea, na huo ujuzi ukitoka nao nje unalipa.

Kesi zimebadilika. Toka marekebisho ya 2020 anayeishtaki halmashauri lazima atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu, na aende Mahakama Kuu. Maana yake Ofisi ya Wakili Mkuu imeingia kwenye kesi zenu, wewe unaandaa nyaraka, unatafuta mafaili ya mwaka 1998 yaliyoliwa na mchwa, unamleta shahidi ambaye ni ofisa ardhi mstaafu anayeishi Korogwe. Kuna wanaolalamika wamepokonywa kesi, mi naona afadhali, zamani mtu mmoja alikuwa anabeba peke yake kesi ya mabilioni.

Shida ni moja kubwa nayo ni kubwa kwelikweli, bosi wako si mwanasheria. Mkurugenzi anataka jambo liende leo, siasa zinataka liende jana, wewe unasema haliwezekani kisheria. Ushauri wako uandike. Sio simu, sio kikaoni kwa mdomo, andika dokezo weka kwenye faili, maana mambo yakiharibika mkaguzi akifika kila mtu atasema "mwanasheria alikuwepo". Na kwenye kitengo mnaweza kuwa wawili au uko peke yako, hakuna mkubwa wa kukusahihisha rasimu, kwa hiyo kama ndo umetoka Law School na hujawahi kuandika mkataba hata mmoja unajifunzia kwenye mali ya umma. Hilo linanifanya nisimshauri kila mtu aanzie hapa.

WENGINE KWA HARAKA

Wakili Mkuu wa Serikali: kama unapenda madai, mikataba, usuluhishi wa kimataifa, katiba, hapa ndo penyewe. Uandishi ni mwingi na ni wa Kiingereza, tarehe za mwisho zinakimbiza. Kama ulikuwa unafurahia somo la mwenendo wa madai (mko wachache, najua) omba hapa kabla ya mashtaka.

Uandishi wa sheria, ushauri kwa wizara, Tume ya Kurekebisha Sheria: Dodoma, meza, utulivu. Mtu wa maneno ya usahihi anang'aa, mtu wa kusimama mbele za watu anasinzia.

RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini: vizazi, vifo, wosia, udhamini, ufilisi. Kazi safi na inagusa watu, ila mahakamani unaingia kwa nadra.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi: unasuluhisha, ikishindikana unaamua, ni ladha ya uhakimu bila jinai. Kwa Tanga yenye viwanda, mashamba ya mkonge na bandari hawakosi kazi.

Mashirika na mamlaka, yani bandari, TRA, TANESCO, mamlaka ya maji: hapa ndo penye zile posho za grupuni, na kwa kawaida mishahara iko juu kuliko ya halmashauri. Unakuwa mwanasheria wa biashara ndani ya serikali. Mfano tunao mlangoni, Tanga UWASA mwaka 2024 waliuza hatifungani ya kijani (yani kukopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, sasa fikiria mwanasheria wa mamlaka ya maji anasoma waraka wa hatifungani badala ya kukimbizana na wezi wa mita. Bomba la mafuta ghafi nalo linaishia Chongoleani. Nafasi ni chache, waombaji wote tunawajua ni wengi, ukipata shika.

PESA, TUONGEE UKWELI

Sitaji mishahara maana inabadilika na kila kundi lina ngazi zake, halmashauri wako TGS, Mahakama wana TJS. Ninachotaka uangalie ni makato, kwa sababu vijana wanapiga hesabu ya mshahara wa kwenye tangazo wanapanga nyumba Raskazone. Bodi ya mikopo 15% ya mshahara wa msingi, PSSSF (mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma) 5%, bima ya NHIF 3%, hapo ishaondoka 23% na kodi ya mapato bado haijagusa. Kwa mliosoma kwa mkopo, yani karibu wote, hiyo 15% ndo inauma kuliko zote na inakaa miaka. Upande wa pili mwajiri anakuchangia 15% kwenye mfuko wa hifadhi, kitu ambacho rafiki yako wa ofisi binafsi anayelipwa kwa bahasha hana.

Na ukiwa mtumishi wa umma ule uwakili wa kujitegemea wa pembeni unauweka chini. Kesi za shangazi, viapo vya mtaani kwa elfu kumi, achana navyo. Anayeona hilo haliwezekani kwake aende tu kujitegemea, wala si dhambi.

UKIBADILI MAWAZO BAADAYE

Watu wanahofia kwamba ukichagua mlango umejifungia. Kwa sehemu. Katiba kwenye sifa za kuwa Jaji wa Mahakama Kuu inataka miaka 10 mfululizo ukiwa na sifa zake, na inahesabu uliyekuwa hakimu, uliyekuwa kwenye utumishi wa umma na sifa za uwakili, na wakili wa kujitegemea pia. Kwa hiyo yule anayeniambia "nataka uhakimu ili niwe jaji" ajue mwendesha mashtaka naye yuko kwenye foleni hiyohiyo. Mashtaka kwenda kujitegemea ni rahisi, wateja wa jinai wanakujua tayari. Halmashauri kwenda shirika inawezekana kwa uhamisho ukivumilia taratibu. Hakimu ndo naona anapata taabu kutoka, akishazoea kuamua, kurudi kuomba "Mheshimiwa naomba" kunamshinda.

Kituo nacho. Tanga tunajisifia waja leo waondoka leo, sasa serikali ikikuleta Kilindi hakuna kuondoka leo wala kesho. Mahakama na mashtaka wanahamishwa mara kwa mara zaidi, mwanasheria wa halmashauri anaweza kukaa wilaya moja mpaka watoto wakamaliza msingi hapohapo. Kama una mwenza mwenye kazi mahali fulani, hili liweke juu ya mshahara.

KWA HIYO MI NINGEMPANGA NANI WAPI

Ametoka Law School juzi, hana familia, anataka kuiva haraka: mashtaka, bila kufikiria mara mbili. Mkimya, msomaji, anayelala vizuri baada ya kufanya uamuzi mgumu: uhakimu. Umri umesogea kidogo, amefanya kazi ofisi ya wakili miaka michache, anajua kusema hapana kwa adabu: halmashauri, na atakuwa mtu muhimu sana pale. Anayependa vitabu kuliko watu aangalie pia nafasi za wasaidizi wa kisheria wa majaji, zinapotangazwa watu wanazipita kama hawazioni.

Na aliye bado Law School asianze kuchagua leo, amalize kwanza, tunakumbuka 2022 walivyofaulu 26 kati ya 633 kwenye mkupuo mmoja mpaka kukaundwa kamati. Ukienda mafunzo ya vitendo omba upangwe mahali unapotaka kuja kufanya kazi, ukae nyuma ya mahakama wiki nzima uangalie hakimu na mwendesha mashtaka wote wawili, usimwangalie yule anayeongea vizuri.

Mambo ya vyeti: cheti cha kuzaliwa kiwe na majina yaleyale ya cheti cha kidato cha nne, kama yanatofautiana shughulikia sasa kwa hati ya kiapo na usajili wake, usisubiri tangazo. Vyeti vithibitishwe na wakili, na slipu ya matokeo haipokelewi, kafuate cheti chenyewe chuoni. Barua iandike kwa nafasi moja moja, wale wa kutuma barua moja kwa nafasi tano bila kubadilisha jina la kazi tunawaona.